Gauni la Mishono ya Nje

Chumba changu cha kushonea kipo nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha dobi na ukuta wa jenereta. Nimekaa humo miaka kumi na tisa nikitia viraka mashuka, nikikata mapazia ya wodi na kubadilisha kamba za magauni ya wagonjwa. Mashuka hayasemi, nami si mtu wa maneno, kwa hiyo tumeelewana. Upande ule anayeongea ni Dobi. Yeye huongea kwa niaba yake, kwa niaba yangu na kwa niaba ya mashine zake tatu.

Jirani yetu wa tatu ilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Siku moja vitanda vikatolewa, sakafu ikasuguliwa, na akatokea dada mmoja mwembamba amekumbatia mpira mkubwa kiasi kwamba tuliona miguu yake na nywele zake tu. Nyuma yake mhudumu alibeba mingine miwili. Dobi aliweka pasi pembeni.

"Dada, uwanja wa mpira uko ng'ambo ya barabara."

"Najua, kaka," sauti ikatoka nyuma ya mpira. "Nimekuja kufungua tawi."

Kwenye barua ya uongozi aliitwa mtaalamu wa tiba kazi kwa watoto. Hakuna aliyeelewa maana yake. Mlinzi wa getini alisema huenda ni mtu wa kuwatafutia wagonjwa ajira. Wiki mbili baadaye, alipofunga bembea kwenye boriti ya ile stoo, jina likapatikana lenyewe. Hospitali nzima ikamwita Mama Bembea, ingawa bado hakuwa mama wa mtu yeyote.

Watu walimcheka. Alfajiri mwenzake anabeba dawa na sindano, yeye amebeba beseni la maharage, mchanga na povu la kunyolea. Mchana ukipita dirishani kwake unamkuta amelala kifudifudi sakafuni, anatambaa ndani ya handaki la kitambaa huku mtoto anamfuata. Dobi alimuuliza siku moja, mbele yangu, kama kweli analipwa kwa ule mchezo.

"Nalipwa," alisema. "Mtoto naye ana kazi zake, kaka. Kuvaa, kula, kucheza, kushika kalamu, kukaa na wenzake. Sasa kuna watoto miili yao inawakatalia. Mmoja anasikia feni kama wewe unavyosikia jenereta. Mwingine ukimgusa kidogo tu anaona umemchoma. Mwingine hajui mwili wake umeishia wapi mpaka abanwe vizuri. Mimi nawasaidia warudi kazini."

"Na mipira?"

"Wewe na sabuni yako nani kakuuliza?"

Dobi alicheka mpaka akakaa kwenye kapu la nguo. Tangu siku hiyo alimheshimu.

Kwangu Mama Bembea alikuja na maombi ya ajabu. Nimshonee mfuko wa maharage wa kuweka mapajani, wenye vijumba vidogo vidogo ili maharage yasikimbilie upande mmoja. Nimshonee bembea ya shuka nne zilizokunjwa, imkumbatie mtoto kama ganda la njugu. Nilishona bila kuuliza sababu, maana kuuliza kunataka maneno. Yeye hakunilazimisha kuongea. Aliweka kitambaa mezani, akachora kwa chaki, akaondoka. Nadhani ndiyo maana nilimpenda mapema kuliko wengine.

Siku Nyuki alipoletwa, tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa msichana wa miaka minane, na alivuma. Mdomo umefungwa, sauti moja ndefu inatoka puani, mmmmm, haikatiki. Bibi yake, aliyemlea tangu akinyonya, ndiye aliyempa jina hilo. "Akivuma yuko salama," alitueleza. "Akinyamaza, shika mlango, maana anataka kukimbia."

Nyuki alivaa fulana ya marehemu babu yake, iliyofuliwa mpaka ukiishika unaona vidole vyako upande wa pili. Ilimfika magotini. Hakukubali nguo nyingine yoyote.

Bibi alikaa kwenye benchi la nje, kati ya mlango wangu na wa Mama Bembea, na habari yake nikaisikia yote bila kutaka. Mwaka uliopita alimpeleka mjukuu wake shule, amemvisha sare mpya. Ilipopita saa moja, Nyuki aliivua sare yote, akapita katikati ya uwanja wakati wa gwaride, uchi kama alivyozaliwa, akaenda kukaa chini ya bomba la maji. Shule nzima ilicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alimwambia Bibi amrudishe muhula mpya, na siku ya kwanza awe amevaa sare na akae darasani mpaka kengele ya mapumziko. Akishindwa, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, na kwa umri wake hapatakuwa na nafasi nyingine ya darasa la kwanza.

"Muhula unaanza lini?" Mama Bembea aliuliza.

"Wiki saba."

"Zinatosha kujaribu."

"Mwanangu, mimi sitaki awe daktari," Bibi alisema. "Nataka awe na watu. Mimi nikifumba macho, huyu atabaki na nani? Na fulana?"

Basi kazi ikaanza, na nakiri kwamba mwanzoni niliiona kama vituko. Mama Bembea alimviringisha Nyuki ndani ya godoro kama mkeka, akamkandamiza kwa mpira polepole, huku mtoto anatoa kichwa nje na kuvuma kwa raha. Alimfichia vifungo ndani ya beseni la maharage, avitafute kwa vidole. Nyuki siku ya kwanza aligusa kwa ukucha. Siku ya tano aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kisha Mama Bembea akaenda kwa Dobi kuomba kikapu chake cha magurudumu, kile cha kubebea mashuka mabichi.

"Mwili wake unatulia akifanya kazi nzito," alisema. "Kusukuma, kuvuta, kubeba. Asukume hiki kutoka kwako mpaka kambani, mara sita, kabla hatujakaa mezani."

"Mmeniletea kibarua wa miaka minane? Nikikamatwa je?"

"Sema ni mgonjwa."

"Mgonjwa anasukuma mzigo unaonishinda mimi?"

Lakini alikubali. Nyuki alisukuma kikapu kwa kichwa, mikono na tumbo, na aliporudi alikaa mezani dakika ishirini akichora duara. Bibi alihesabu dakika hizo kwenye simu na kunionyesha namba, kana kwamba nilikuwa nimebisha.

Wiki ya pili Mama Bembea aliniletea kitambaa cha sare, mita mbili, buluu.

"Fundi, sasa kazi yenyewe. Nataka gauni la shule, ila mishono yote iwe nje. Ndani pasiwe na mshono, lebo, pindo wala uzi. Ndani pawe kama ndani ya bakuli."

Nilinyamaza, kama kawaida yangu. Yeye alidhani nimekubali.

Sikukubali. Mtu aliyesomea ufundi atanielewa. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, na mjomba alikuwa na kawaida moja: ukimaliza nguo, anaigeuza, anatazama ndani, na akiona ncha ya uzi anakuchapa kwa futi ya mbao. Mshono ni siri ya ndani. Fundi anayeuacha nje ni sawa na mtu anayetoka nyumbani na nguo ya ndani juu ya suruali. Nilijiambia dada huyu ni mtaalamu wa mipira, nguo hajui. Nitamfanyia kizuri zaidi. Nikashona gauni lenye mishono ya kukunja mara mbili, ile inayomeza ncha zote, hata uzi mmoja huoni. Nikalitia bitana kifuani. Nikamwomba Dobi alitie wanga na kulipiga pasi mpaka likasimama lenyewe juu ya meza.

Niliona fahari, nisifiche.

Nyuki alivalishwa asubuhi kwa Mama Bembea, nami nikitazama. Alinyamaza. Bibi akashika mlango. Mtoto alizunguka mara moja kama aliyemwagiwa maji ya moto, akashika ukosi kwa mikono miwili, akavuta. Kifungo cha kwanza kiligonga dirisha. Ndani ya dakika moja gauni lilikuwa sakafuni na Nyuki alikuwa ndani ya handaki la kitambaa, ameziba masikio, analia. Hakutoka mpaka adhuhuri. Siku tatu zilizofuata hakukubali hata kusogelea kitu cha buluu. Juma zima likapotea.

Bibi aliokota vifungo kimoja kimoja akaviweka mezani kwangu, vyote sita. Afadhali angenitukana.

Mama Bembea alikuja jioni. Aligeuza lile gauni, akapitisha kidole kwenye mishono yangu.

"Ni kazi nzuri sana," alisema, na hakuwa anatania. "Fundi, naomba unisaidie jambo moja kesho."

Kesho yake alikuja na kipande cha gunia, upana wa vidole viwili, akaniomba nikishikize ndani ya ukosi wa shati langu, kuzunguka shingo yote. Halafu akaniomba nishone pindo la shuka moja. Shuka moja tu. Kazi ninayoifanya nimefumba macho.

Wakati huohuo Dobi, ambaye inaonekana walishaelewana, alisimama mlangoni akaanza kugonga ndoo kwa kijiko.

Nilianza vizuri. Halafu shingo ikaanza kuwaka. Nikageuza kichwa, gunia likageuka nami. Nikavunja sindano. Nikaweka nyingine, uzi ukakataa kuingia tunduni. Dobi anagonga. Pindo likapinda kama njia ya mlevi. Nikasikia mtu anapiga kelele "Acha!" na ilinichukua muda kujua mtu huyo ni mimi. Nilivua shati nikalitupa.

Mama Bembea alitazama saa. "Dakika nane," alisema. "Yeye alivumilia saa nzima shuleni."

Dobi alishusha ndoo. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Leo umewalalia, fundi. Hebu vaa shati, wagonjwa wasije wakakuona."

Nilikaa kifua wazi nikitazama pindo langu. Nilimwonea aibu mtoto wa miaka minane kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mzima yeyote, nami huwaonea aibu karibu wote.

Safari hii nilikata upya, na nikafikiri. Kitambaa kipya kina ukali wake, hata ukikigeuza vipi. Lakini mimi nimekaa na mashuka miaka kumi na tisa na najua jambo moja ambalo hata Mama Bembea hakulijua: nguo laini kuliko zote hospitalini ni shuka kuukuu la wodi ya wazazi, lililofuliwa kila siku kwa miaka. Nilichagua moja lililokuwa linasubiri kukatwa matambara, nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikatengeneza ukosi kwa hilo. Na ile buluu nikampelekea Dobi.

"Ifue pamoja na mashuka."

"Mara ngapi?"

"Kila mzigo."

"Kila mzigo? Mimi nafua mizigo mitano kwa siku!"

"Basi mara tano."

Aliniangalia. Nadhani hajawahi kunisikia nikitoa amri. Aliifua siku tisa. Ilitoka imepauka kidogo, imelegea kama sikio la mbuzi.

Nilishona mishono nje. Kila mshono niliufunika kwa utepe wa buluu, ili usichanike na ili macho yangu yapumzike. Vifungo nikavitoa kabisa, nikaweka shingo pana ya kupitisha kichwa. Ndani nilipitisha shavu langu mahali pote kama nanyoa ndevu. Popote liliposhtuka, nilifumua.

Mama Bembea hakumvalisha. Alilitundika gauni ndani ya handaki, siku mbili, bila kusema kitu. Siku ya tatu Nyuki alililalia. Siku ya nne alilivaa kichwani kama kofia, akazunguka nalo akivuma. Siku ya sita akasukuma kikapu cha Dobi amelivaa, fulana ya babu ikiwa ndani yake. Wiki ya mwisho fulana ikabaki kwenye benchi, na Bibi akaikunja akaikalia, isije ikarudi mwilini.

Asubuhi ya kufungua shule Bibi alisema lazima nami niende. "Mshono ukiachia, nani atashona? Mpira utashona?" Nikaenda, na sindano imechomekwa kwenye shati.

Mama Bembea alikuwa ameomba ruhusa ya kufika mapema. Kabla ya kengele, Nyuki alisukuma madawati ya darasa la kwanza kutoka ukutani mpaka mahali pake, yote kumi na manane, mwalimu wa darasa akielekeza na Mama Bembea akimhimiza. Mwalimu yule, kijana mchangamfu, alisema kama huo ndio ugonjwa basi wamletee wagonjwa wengine wanne.

Ndipo Mwalimu Mkuu alipofika mlangoni. Alimtazama Nyuki kuanzia miguuni hadi shingoni.

"Bibi, huyu mtoto amevaa gauni limegeuzwa."

Bibi alinigeukia. Mama Bembea alikuwa kule mwisho wa darasa, ameinama, anamwekea Nyuki mfuko wa maharage mapajani. Hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu.

"Halijageuzwa, mwalimu," nilisema. "Huo ndio upande wake."

"Wewe ni nani?"

"Fundi aliyelishona."

"Na ulilishona hivyo kwa makusudi?"

"Nililishona vizuri kwanza, mwalimu. Akalichana. Ndani likiwa na mshono, kwake ni kama miiba, hawezi kukusikia unapofundisha. Kama kuna makosa, andika kwamba fundi ni mbovu. Lakini mtoto mwache akae."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mwalimu mkuu yeyote, pamoja na yule aliyenifundisha mimi. Jasho lilinitoka mpaka soksini. Mwalimu Mkuu alikwenda mpaka kwenye dawati la Nyuki, akainama, akashika utepe kwenye bega la gauni, akaupima kwa vidole kama mnunuzi.

"Rangi ni ya kwetu," alisema hatimaye. "Akae. Mpaka kengele."

Tulisimama nje ya dirisha, mimi na Bibi. Mama Bembea alisimama mbali zaidi, kando ya ukuta wa uwanja, kwa sababu Nyuki akimwona angetaka bembea. Somo la kwanza lilipita. Nyuki alivuma, mwalimu akafundisha juu ya mvumo huo kama mtu anayefundisha karibu na mto. Somo la pili walianza kuandika. Mvulana wa dawati la mbele akageuka.

"Mwalimu, gauni lake lina kamba kwa nje!"

Darasa likaangua kicheko. Kicheko cha watoto arobaini ndani ya chumba cha bati si kitu kidogo. Nyuki alinyamaza.

Bibi alinishika mkono kwa kucha. "Amenyamaza," alininong'oneza. "Fundi, amenyamaza."

Nyuki alisimama. Mfuko wa maharage ukaanguka. Mikono yake ikapanda mpaka shingoni, ikagusa ukosi. Nilitazama vidole vile vilivyokuwa juu ya shuka la wodi ya wazazi. Vilishika. Vikaachia.

Akatembea mpaka ukuta wa nyuma, akauwekea viganja viwili, akaanza kuusukuma. Aliusukuma kwa nguvu zake zote, miguu inateleza nyuma, kama anayetaka kuihamisha shule. Mwalimu alitaka kumfuata, kisha akasita. Watoto wote wakageuka kumtazama. Nyuki alisukuma, akapumzika, akasukuma tena. Halafu, mmmmm. Akageuka, akaokota mfuko wake, akakaa.

Nilimtazama Mama Bembea kule uwanjani. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Kusukuma ukuta tulijifunza wiki iliyopita," alituambia baadaye. "Sikumwambia lini autumie. Sikujua kama ataukumbuka."

Kengele ililia. Watoto walitoka kama maharage yaliyomwagika, na Nyuki akatoka katikati yao, gauni mwilini. Alikwenda kwenye bomba la maji, lakini hakukaa chini yake. Alisimama kwenye foleni, wa nne. Yule mvulana wa dawati la mbele alikuja akajipenyeza mbele yake na kumpiga kikumbo. Nyuki akamsukuma, kwa mikono iliyokuwa imesukuma mashuka mabichi wiki saba. Mvulana alikwenda kukaa chini kwenye tope, akamtazama kwa heshima, kisha akaenda kupanga foleni nyuma yake.

"Wamesukumana!" Bibi alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na meno yote yako nje. "Umeona, fundi? Wamesukumana kama watoto!"

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama barazani na daftari kubwa la majina chini ya kwapa. Alilifungua, akachukua kalamu nyuma ya sikio.

"Bibi, nipe jina lake kamili," alisema. "Na kesho umwambie kwamba bombani hakuna kusukumana."